Dakika Arobaini za Fundi Baridi

Kazini walimwita Macho Manne, na hakuwahi kuudhika. "Mawili ya kwangu, mawili ya darubini," ndivyo alivyowajibu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amekikalia kiti kile kile chenye magurudumu, katika chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, kazi yake kuhesabu mbegu za wanaume. Anachukua tone, analiweka juu ya kioo chenye mistari, anahesabu zinazokwenda mbele, zinazozunguka palepale, na zisizocheza kabisa. Wanaume wenyewe hakuwajua. Kwake walikuwa namba zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikombe cha plastiki, na alipenda iwe hivyo.

Mdogo wake alipompigia simu, alianza kwa kuuliza habari za mafua yake, kisha habari za bomba la jikoni lililokuwa likivuja.

"Sema," Macho Manne akamwambia. "Unavyozunguka hivi lazima kuna jambo."

"Dada, hicho kikombe chenu... mtu anakuja nacho kutoka nyumbani au anapewa hukohuko?"

Ndivyo ilivyoanza. Mdogo wake alikuwa fundi wa friji, mtaa mzima ukimwita Fundi Baridi, mtu wa maneno mengi na vicheko, mwenye vidole vilivyochunwa na gesi na bisibisi. Alikuwa na mke, karani wa posta, na ndoa yao ilikuwa na miaka saba. Mke alikwisha kupimwa kila kitu kinachoweza kupimwa: damu, mirija, kizazi, vyote vizima. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia Fundi Baridi apimwe, na mwenyewe hakuuliza.

Sheria ya maabara ilitaka ndugu wa mtu apimwe na mtu mwingine. Lakini mtu mwingine alihamishwa mwaka uliopita na nafasi yake haikujazwa. Kwa hiyo siku ile Macho Manne alikipokea kikombe kupitia dirisha dogo, akautambua mkono wenye vidole vilivyochunwa.

Alipoinamia darubini, moyo ulimtulia. Mbegu zilikuwa nyingi, kuliko za wanaume wengi waliokwisha kupata watoto watatu, wanne. Vichwa vilikuwa vizuri, mikia mirefu. Akaanza kuhesabu huku akitabasamu peke yake. Alipofika mia akagundua kwamba anahesabu zilizosimama. Zilizokuwa zikienda sasa zilikuwa zikijikokota, kama watu wanaotembea ndani ya maji ya kiunoni. Baada ya dakika ishirini hakukuwa na kinachocheza kwenye kioo kile.

Alidhani kakosea. Alipasha kioo joto upya, akabadilisha pipeti, kile kimrija cha kunyonyea, akachukua tone jingine. Mambo yakawa yaleyale. Fundi Baridi alirudi mara tatu katika miezi miwili, na kila mara zilianza vizuri, zikachoka, zikazima.

Mara ya tatu aliomba aone. Macho Manne alimpisha kitini. Mwanamume yule aliyezoea kuchungulia nyuma ya majokofu aliweka jicho, kisha la pili.

"Hao wote wangu?"

"Wote wako."

"Mbona wengi hivi?" Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika. "Mbona huyu hapa kasimama? Alikuwa anakuja vizuri tu."

Macho Manne alimwekea mkono begani.

*

Mwenye jibu, au kipande cha jibu, alikuwa daktari aliyekuwa na chumba cha utafiti ghorofa ileile. Wauguzi walimwita Daktari Subiri, kwa kuwa hakuna swali ambalo hakulijibu kwa neno hilo kwanza. Hakuwa mtu wa majivuno. Alichukua sampuli za Fundi Baridi, akatenganisha mbegu na majimaji yake, kisha akafanya jambo moja rahisi: alichukua mbegu za mwanamume mwingine, nzima na zenye nguvu, zilizotolewa kwa ajili ya utafiti, akazitia ndani ya majimaji ya Fundi Baridi. Kifaa chake cha kupima oksijeni kilionyesha mstari ukishuka. Mbegu za mgeni nazo zilipunguza kupumua, zikachoka, zikazima.

Aliwaita mume na mke pamoja. Macho Manne alisimama mlangoni, hajui aingie kama mtaalamu au kama wifi.

"Subirini niwaeleze taratibu," daktari alisema. "Shahawa si mbegu tu. Mbegu ni sehemu ndogo sana humo. Kilichobaki ni majimaji ya tezi, yana sukari, yana chumvi, na yana vitu vinaitwa prostaglandini. Si homoni hasa. Homoni hutengenezwa huku ikasafiri kwenye damu hadi kule. Hivi vinatengenezwa na kufanya kazi jirani kwa jirani. Lakini tabia yake ni kama ya homoni: kiasi kidogo, amri kubwa."

"Amri gani?" Fundi Baridi aliuliza.

"Mbegu ni kama mtu yeyote anayesafiri kwa miguu, inahitaji nguvu. Inachoma sukari, inavuta oksijeni. Hivi vitu ni kati ya vinavyoiambia ichome haraka au polepole. Kwa wanaume wengi kiasi chake huwa sawa. Kwako viko juu mno, na nadhani, narudia, nadhani, mbegu zako zinaambiwa zizime kabla hazijafika popote."

"Na tezi yenyewe ndiyo ile ya wazee? Prosteti?"

"Hapana. Zamani walidhani vinatoka kwenye prosteti, ndipo wakavipa jina hilo. Kumbe sehemu kubwa inatoka kwenye tezi nyingine, nyuma ya kibofu. Jina likabaki."

"Kwa hiyo hata jina lao lilikosewa," Fundi Baridi alisema, "na bado wananiendesha."

Daktari alicheka. Karani wa posta hakucheka. Alikuwa mwanamke mtulivu, mzoefu wa kusikiliza watu wakilalamika dirishani pake bila kuwakatiza. Aliuliza swali moja tu: "Dawa ipo?"

"Mnisubiri kidogo," daktari akaanza, kisha akalionea aibu neno lake. "Hakuna dawa ya tatizo hili ninayoijua. Kuna dawa za maumivu zinazopunguza vitu hivi mwilini. Tunaweza kujaribu. Sitoi ahadi."

Fundi Baridi alizimeza wiki sita. Tumbo likamwaka moto, akajikaza kisabuni, hakumwambia mtu, mpaka mkewe alipoona damu chooni. Daktari akazisimamisha siku hiyohiyo. Macho Manne alipima tena: prostaglandini zilikuwa zimeshuka kidogo, mbegu zilikuwa zikizima vilevile.

"Nikiletewa friji inayonguruma na haigandishi," Fundi Baridi alimwambia dada yake wakiwa ngazini, "najua gesi imevuja. Naziba, najaza, namrudishia mwenyewe. Hawa jamaa zako wanajua gesi inavujia wapi, na hawana cha kuzibia."

*

Mama yao aliishi na Macho Manne. Alikuwa ameanza kutosikia vizuri sikio la kulia, kwa hiyo maswali yake yote aliyauliza kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Wewe si ndiye unayeshinda na hayo mamashine? Mdogo wako, damu moja, unashindwaje kumsaidia?"

"Tunajaribu, Mama."

"Tatizo la nani?"

Fundi Baridi alikuwa amemwapisha dada yake: Mama asijue. Mbele ya wengine wote angeweza kujifanyia mzaha, ila si mbele ya mama yake. Na hata asingemwapisha, kazi yenyewe ingemfunga mdomo.

"La wote wawili," Macho Manne alijibu, macho kwenye sufuria.

Mama hakuwahi kumtolea mkwewe neno baya, hakuwa mtu wa namna hiyo. Lakini tangu siku ile aliacha kumwita "mwanangu". Alimwita kwa jina la kazi yake, kama watu wengine wote. Karani aligundua mara ya kwanza tu, na Macho Manne akaona jinsi alivyogundua, na jinsi alivyoendelea kukunja kitambaa cha meza kana kwamba hakusikia kitu. Macho Manne alitaka kusema, akaishia kushika ncha ya pili ya kitambaa.

*

Njia iliyobaki ilikuwa ya kuzitoa mbegu ndani ya majimaji yale mapema iwezekanavyo, kuzisafisha, na kuzipeleka kwa mrija mwembamba moja kwa moja kwenye mji wa mimba, zisipate safari ndefu. Kutungisha nje ya mwili hakukuwepo hospitalini pale, na kwingine hawakumudu gharama.

Macho Manne alilifanya jambo hili lake. Muda wa chakula cha mchana, wenzake wakiwa kantini, alijaribu sampuli za mdogo wake kwa njia hii na ile. Akagundua kwamba zikitenganishwa ndani ya dakika tano tangu zitoke, zikazungushwa kwenye mashine taratibu na kutiwa kwenye maji safi yenye sukari, zilichangamka. Aliziona zikipita kwenye kioo kama watoto walioachiwa kutoka darasani, na alitokwa na machozi hadi miwani ikaingia ukungu. Lakini hazikudumu. Za wengine zilikaa saa nyingi. Za mdogo wake zilikwenda dakika arobaini, arobaini na mbili, na hapo zikaanza kusimama. Yale majimaji, hata kwa dakika tano tu, yalikuwa yamekwisha kuziachia amri yake.

"Dakika arobaini zinatosha," daktari alisema. "Tukiwa tayari wote, zinatosha."

Mara ya kwanza walikuwa tayari wote, na haikushika. Mara ya pili vilevile. Karani alirudi kazini siku ileile mara zote mbili, akapima vifurushi, akabandika stempu. Alisema kukaa nyumbani kungemtia wazimu. Daktari aliwaambia kwamba mara ya tatu ingekuwa ya mwisho, maana baada ya hapo asingekuwa anawatibu, angekuwa anawapa matumaini tu.

Siku ya mara ya tatu, saa nne asubuhi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Karani alikuwa amelala kitandani katika chumba kidogo kilichopakana na maabara, shuka hadi kifuani. Fundi Baridi alitoka chumba cha pili na kikombe mkononi, jasho limemtoka, akakipitisha dirishani. Daktari Subiri alikuwa akinawa mikono. Macho Manne alitenganisha, akaiwasha mashine ya kuzungusha, akatazama saa ya ukutani.

Simu ya ukutani ililia. Daktari aliipokea kwa kuibana kati ya sikio na bega, mikono ikichuruzika maji. Mama mmoja chumba cha upasuaji, mtoto amekwama, damu haikatiki, na aliyekuwa zamu alihitaji mtu wa pili.

"Dakika kumi na tano," daktari alisema, na tayari alikuwa anakimbia.

Mashine ilisimama. Macho Manne alizivuta mbegu kwenye bomba la sindano lenye mrija mwembamba, akaacha tone moja juu ya kioo ili azichunge. Zilikuwa zikienda vizuri, vizuri kuliko mara zote. Akaliweka lile bomba ndani ya kiganja, kiganja akakibana kwapani, zisipoe.

Dakika kumi na tano zilipita. Ishirini. Alimpigia simu daktari mwingine aliyeruhusiwa kuifanya kazi ile, akaambiwa ndiye huyohuyo aliyekuwa zamu chumba cha upasuaji. Ishirini na tano. Fundi Baridi alitembea koridoni hadi kwenye ngazi na kurudi, hadi kwenye ngazi na kurudi. Dakika ya thelathini na mbili Macho Manne aliinama kwenye darubini. Zilikuwa bado zinakwenda. Moja ilisimama katikati ya mstari.

"Wifi," karani aliita kutoka chumba cha pili.

Macho Manne aliingia, mkono bado kwapani.

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Saba. Labda nane."

"Wewe umeiona hii kazi ikifanywa mara ngapi?"

Wote wawili walijua. Macho Manne alikuwa ameiona mamia ya mara. Alijua mrija unaingia kwa pembe gani, unasimama wapi, bomba linasukumwa polepole kiasi gani.

"Fanya wewe," karani alisema.

"Siruhusiwi, wifi."

"Nakuruhusu mimi."

"Nikikutoboa? Nikikuletea usaha, kizazi kikaharibika? Chako ni kizima, wifi. Ndicho kitu kizima tulicho nacho."

"Fanya." Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa akimtazama kama anavyotazama mtu aliyesimama dirishani pake na bahasha bila anwani. "Tafadhali. Sitamwambia mtu hadi nakufa."

Macho Manne aliutoa mkono kwapani. Bomba lilikuwa na joto la mwili wake. Alisogea hatua moja, akaufikia mkokoteni wa vifaa, akaugusa mdomo wa chuma wa kufungulia njia ya uzazi, uliokuwa juu ya kitambaa safi. Mkono wenye bomba, ambao kwa miaka kumi na sita haukumwaga tone, haukwenda mbele zaidi. Aliutazama kama si wake. Akaurudisha kwapani, akasimama hapo, na mwanamke aliyekuwa kitandani akageuza uso ukutani.

Daktari alifika dakika ya hamsini na nne, amebadilisha joho, damu kwenye viatu. Yule mama na mtoto wake walikuwa hai. Aliposema hivyo hakuna aliyeweza kumchukia. Waliinama kwenye darubini kwa zamu. Mbili zilikuwa zikitikisa mikia pale pale zilipo. Macho Manne alizitazama mpaka zikabaki moja, na ile moja mpaka ikaacha.

"Tuombe nyingine," daktari alisema. "Bado leo hii hii."

Fundi Baridi alirudi kwenye kile chumba. Alikaa humo saa nzima. Alipotoka alikuwa amekishika kikombe kikavu, akakiweka juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, kifuniko kikiwa kimefungwa.

"Imekataa," alisema. "Dada, imekataa kabisa." Ilikuwa mara ya kwanza kwa Macho Manne kumsikia mdogo wake akisema jambo kuhusu mwili wake bila kulitia mzaha.

Karani aliomba awekewe hivyohivyo zile zilizosimama. Daktari akafanya alichoombwa. Siku kumi na tano baadaye kipimo kilisema walichokuwa wakikijua.

*

Daktari Subiri aliuandika utafiti wake. Fundi Baridi alimpa ruhusa, akatia sahihi, akauliza kama jina lake lingetokea. Akaambiwa angekuwa namba tu, akasema basi afadhali. Ndani ya jedwali moja Macho Manne aliuona mstari wa mdogo wake: kiasi cha prostaglandini, kasi ya kuvuta oksijeni, dakika za mwendo baada ya kusafishwa. Tarakimu zote zilikuwa sahihi. Nyingi alizipima yeye mwenyewe. Mwisho wa maandishi daktari alisema kwamba sababu bado haijulikani na utafiti zaidi unahitajika.

Macho Manne aliomba kuhamishwa. Walimpeleka ghorofa ya chini, kitengo cha damu, chumba chenye madirisha mawili na kelele za watoto wanaochomwa sindano. Fundi Baridi aliendelea na friji zake. Vicheko vilirudi, ila sasa vilikuja vikichelewa kidogo, kama mtu anayejibu simu ya mbali. Mama hakuuliza tena.

Karibu mwaka mmoja baadaye karani wa posta alimfuata wifi yake kazini, saa saba mchana. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, pale madereva wa magari ya wagonjwa wanapovutia sigara. Alikuwa ameleta machungwa mawili. Alimenya lake lote kwanza, ganda bila kukatika, ndipo akasema.

"Mama siku hizi ananisalimia kama mteja wa posta."

"Najua. Niseme naye?"

"Useme nini? Mume wangu atakufa kwa aibu. Acha." Alitafuna kipande. "Ulikuwa nalo lile bomba mkononi, wifi."

"Nilikuwa nalo."

"Sikuja kukulaumu. Nimelaumu nikachoka. Daktari nimemlaumu, yule mama wa upasuaji ambaye simjui hata sura nimemlaumu, nikaona haya mwenyewe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ungefanya, ingeshika?"

Macho Manne alivua miwani. Bila miwani uwanja wote ulikuwa ukungu mweupe, na wifi yake alikuwa sauti tu.

"Sijui."

"Hata kukisia?"

"Mara mbili ziliwekwa zikiwa hai na hazikushika. Labda na ile isingeshika. Labda ingeshika. Nimelihesabu hili kila siku, wifi. Halihesabiki."

Karani aliitikia kwa kichwa, polepole. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, na hakuyafuta. Macho Manne alimshika mkono, mkono wenye harufu ya chungwa na gundi ya stempu, na hakuona la kufanya nao zaidi ya kuushika.

Muuguzi alichungulia mlangoni. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, damu zinasubiri.

"Nenda," karani alisema. "Nami dirisha langu linafunguliwa saa nane."

Walisimama. Karani aliyakusanya maganda ndani ya leso, akashuka ngazi, akatoka kwa geti la magari ya wagonjwa. Macho Manne alivaa miwani yake akiwa bado amesimama pale, akamwona akivuka barabara, akikaa kando kupisha mwanamke mwenye kigari cha mtoto, kisha akizungukia kona. Muuguzi akamwita mara ya pili.